Kikombe cha Mbuni Kule Kamenu

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu anahitaji kujua ni saa ngapi. Halafu mkaniomba niandike machache kuhusu kazi, kwa sababu wengi wenu mlinikuta nikiwa tayari mzee wa chumba cha kuonjea, mkadhani nilizaliwa na kijiko mkononi. Tangu siku hiyo nimekaa hapa nyumbani Ruiru, mke wangu Nasimiyu amechoka kunipisha jikoni, kwa hivyo naandika. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mshahara kila mtu anajua unavyokuja na unavyoondoka.

Kwa mtu atakayesoma haya bila kuijua kazi yetu, ni hivi. Kahawa ya wakulima huletwa kiwandani Thika kukobolewa, na kabla haijauzwa lazima watu fulani waionje na kusema ni ya namna gani. Watu hao ni sisi. Wakulima hutuogopa kidogo, na wake zetu hutucheka, na pande zote mbili zina sababu.

Nilitoka Bungoma nikiwa kijana, kutoka kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako baba alikuwa na kahawa nyuma ya nyumba na sote tulikunywa chai. Kiwandani nilianza kwa kubeba magunia. Baadaye mtu wa kuchemsha maji katika chumba cha kuonjea akarudi kwao, na nikaambiwa nikachukue nafasi yake. Aliyekuwa mkuu wa chumba hicho alikuwa Mzee Kamande, mtu mwembamba, koti jeupe, asiyepaka mafuta wala marashi. Asubuhi yangu ya kwanza alinisimamisha mlangoni, akaninusa, akaniuliza nimekula nini. Nikasema omena na kitunguu. Akaniambia nikae nje mpaka omena iishe.

Nilikaa juu ya magunia hadi wakati wa chakula cha mchana, na hicho pia nikaambiwa nisile. Tangu siku hiyo sijagusa kachumbari siku ya kazi. Tukienda Kamakis na wenzangu kula nyama choma, wao walijaza sahani vitunguu na pilipili, mimi nikala nyama na ugali kama mgonjwa. Nasimiyu alipoolewa alidhani nimejiunga na dini fulani isiyotajwa hadharani. Mswaki nao nilipiga bila dawa. Mambo haya mnayajua, lakini ninyi mnayafanya kwa kuambiwa, mimi niliyafanya kwa hofu ya pua ya Kamande.

Kwa miezi mingi sikuonja chochote. Nilichemsha maji, nikayamimina juu ya kahawa iliyosagwa katika mabakuli yaliyopangwa mezani, nikatazama. Kamande alipita akivunja povu lililogandamana juu kwa mgongo wa kijiko, pua karibu iguse bakuli. Kisha alirudi mwanzo wa meza na kuanza kuonja, na hapo ndipo niliposikia ile sauti kwa mara ya kwanza. Anayeonja hanywi. Anavuta kahawa kutoka kwenye kijiko kwa nguvu mpaka itawanyike mdomoni kote, halafu anatema ndooni. Nilipoanza kujifunza nilifanya mazoezi nyumbani kwa uji, kwa mchuzi, kwa chochote. Siku moja tulialikwa chakula kwa mchungaji wetu, na nilivuta supu yake vile vile, bila kufikiri. Nasimiyu hakusema nami mpaka tulipofika nyumbani, na alipoanza kusema nilitamani angeendelea kunyamaza.

Kamande hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Alichonifundisha zaidi alikisema siku nilipomuuliza kahawa fulani ni ya nani. Mabakuli yetu yana namba, hayana majina, na mimi nilitaka tu kujua. Aliweka kijiko chini akaniambia, "Barasa, sema kilicho ndani ya bakuli. Ya nje ya bakuli si yako."

Niliona maneno hayo kuwa mepesi mpaka ilipofika kahawa iliyonuka mafuta ya taa. Ilikuwa mzigo mkubwa, kahawa nzuri yenye punje nene, na kila bakuli lilikuwa na harufu ile ile kwa mbali, kama chumba kilichozimwa taa ya chemli. Nilijua jinsi ilivyotokea hata kabla ya kuambiwa: lori lililobeba mafuta juzi, likabeba kahawa leo. Nilijua pia kwamba ilikuwa kazi ya msimu mzima ya watu wengi. Nikamuuliza Kamande kama hatungeweza kusema ina kasoro ndogo. Alinijibu kwa kunisukumia bakuli nionje tena. Nikaonja, nikasema mafuta ya taa, ikaandikwa hivyo. Viongozi wa wale wakulima walikuja kiwandani, mmoja wao akalia mbele yetu, mtu mzima mwenye kofia mkononi. Niliumia sana siku ile, na bado naumia nikikumbuka, lakini ingepita kwetu ingerudishwa na mnunuzi, na jina lao lingeharibika kwa miaka.

Kuna kahawa moja ambayo hamtanilaumu nikiieleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika. Ni mbuni. Msimu unapokwisha na kahawa nzuri imekwisha kuchumwa ikiwa nyekundu, ikamenywa na kuoshwa, huwa kuna iliyobaki. Iliyokaukia mtini, iliyoanguka chini, iliyosahaulika. Hiyo huokotwa, ikaanikwa na maganda yake popote penye jua, juu ya gunia uani ambapo kuku hupita, ikakobolewa ikiwa imechelewa. Katika chumba chetu mbuni iliwekwa mwisho kabisa wa meza, ikaonjwa ya mwisho ili isituharibie midomo. Kamande aliionja akiwa ameshageuza mguu mmoja kuelekea mlangoni. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kusikia mtu akiisifu mbuni, na mimi pia sikuisifu.

Sasa nifike mwaka huu, wiki zangu za mwisho kazini, nilipokuwa nimeshaanza kutoa vitu vyangu kwenye droo. Alikuja mwenyekiti wa chama cha wakulima cha upande wa Gatundu, Mzee Ndung'u, mtu wa kimo kirefu aliyevaa koti la suti na gambuti. Alitaka kuazima mwonjaji kwa siku moja. Alisema kuna msichana wa kwao, Wanjeri, binti ya mwanachama, ambaye amefungua duka la kahawa Kamenu, hapa Thika. Chama kilimwachia magunia machache kila msimu, ili naye apate cha kuuza. Sasa amejitokeza mnunuzi mmoja anayetaka kahawa yote ya chama, nzuri na mbaya, asibakishiwe mtu yeyote. Kamati ilikuwa imegawanyika. Wengine walisema Wanjeri ni mtoto wao, wengine walisema hawalimi ili kufurahisha vijana wa Thika.

"Nenda tu uone kama hiyo duka ni ya maana," Mzee Ndung'u aliniambia. "Ukisema ni nzuri, ataendelea kupata vile amekuwa akipata. Ukisema haina maana, tunampatia huyu mtu yote."

Kazi hiyo ilinifurahisha kwa namna ambayo sikutaka aione. Nimeonja kahawa isiyohesabika na sikuwa nimewahi kutumwa kuhukumu mahali inaponywewa. Nikamwuliza kama Wanjeri asipopata kahawa yao anaweza kununua kwingine. Akasema hapana, bei za wakaangaji wa mjini hazimudu, atafunga.

Nilienda bila kujitambulisha. Kamenu mnaijua. Duka lilikuwa chini ya nyumba ya ghorofa, katikati ya duka la nafaka na saluni, mbele yake barabara ya vumbi. Madawati mawili, meza ndogo za mbao, na nyuma kulikuwa na pipa la kukaangia lililochomelewa na mafundi wa jua kali, la kuzungushwa kwa mkono juu ya makaa. Kabla ya kuagiza nilikaa kwanza, kwa sababu duka la kahawa hujieleza lenyewe ukilipa muda. Nilinusa kikombe kilichokuwa mezani: hakikunuka sabuni. Niliangalia anapoweka kahawa iliyokaangwa: ilikuwa ndani ya mikebe iliyofungwa vizuri, mbali na moto, na hakukuwa na kitunguu popote. Alisaga ya kila mtu anapofika, kwa mashine ya mkono, na kila kikombe alikisuuza kwa maji moto kabla ya kumimina. Haya ni mambo madogo yanayochosha. Duka likiyafanya wakati hakuna anayeangalia, mengine utayakuta yapo.

Wateja walikuwa nesi aliyetoka zamu, wanafunzi wa chuo waliotoka Juja na vitabu vyao, na mwendesha boda boda aliyeingia na helmeti kichwani akisema, "Wanje, niaje, nipee ile yangu." Yake ilikuwa nusu maziwa, na sukari niliyoona aibu kuitazama. Wanjeri alimpa bila neno, akamwuliza mtoto wake ameendeleaje na homa. Hapo nilianza kumpenda. Huku Ruiru tuna maduka ya kahawa kwenye majengo mapya yenye mashine kubwa zinazopiga kelele, na ukiomba sukari kijana wa pale anakutazama kana kwamba umeomba sumu ya panya. Nimestaafu katika kahawa na hata mimi huogopa kuingia.

Wanjeri ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mfupi, nywele zimefungwa kwa kitambaa, mikono haitulii. Nikaagiza nyeusi. Alichuja kwa kitambaa polepole, akaniletea, akarudi kwenye kazi yake bila kusimama kunitazama usoni.

Ilikuwa tamu. Sisemi tamu kwa sababu ya sukari. Ilikuwa na utamu wa tunda lililoiva sana, kama zambarau ulizozisahau mfukoni, na chini yake kitu kizito, kitulivu, ambacho kilibaki mdomoni hata baada ya kumeza. Ndiyo, nilimeza. Nilitafuta ndoo ya kutemea kwa mazoea, sikuiona, nikameza, halafu nikaendelea kumeza mpaka nikaona chini ya kikombe. Nikaagiza cha pili. Cha pili ndicho kilichonijulisha, kwa sababu kilipoanza kupoa nilipata ule mkia wa ladha ninaoujua, wa ganda lililokaukia juu ya punje. Nilishtuka. Nilikuwa nakunywa mbuni.

Nikajitambulisha. Wanjeri alijifuta mikono, akakaa mbele yangu, akaniambia alishasikia kwamba kamati ingetuma mtu, ila alidhani angekuja mtu wa koti na tai. Nikamwuliza kama kahawa ile ni mbuni.

"Ndiyo hiyo wananipea," alisema. "Ile nzuri inaenda. Waliniambia ya hapa nyumbani hii inatosha."

Alinipeleka nyuma akanionyesha gunia lilivyoletwa. Niliingiza mkono. Punje nyeusi, punje zilizotobolewa na wadudu, vipande, vijiwe, maganda, zote zimechanganyika na zile nzuri. Kando yake kulikuwa na ungo wenye zile alizokwisha kuchagua, nzuri kama kahawa yoyote niliyowahi kuona mezani. Kila jioni baada ya kufunga duka hukaa na ungo huo na kutoa mbaya moja moja, na hutupa nyingi kuliko anazobakiza. Zamani alisaidiwa na mama yake, lakini macho ya mama yameisha nguvu, na sasa yuko peke yake. Alinionyesha vidole vyake vilivyochubuka kwenye ncha. Alisema akiulizwa kwa ukweli, mwaka mmoja zaidi wa namna hiyo hataumaliza.

Nikamwuliza kama angetaka chama kimpe ile kahawa nzuri iliyooshwa. Alitikisa kichwa. Watu wa Kamenu wameipenda hii, alisema, na yeye pia. Alichotaka ni mbuni ichumwe ikiwa nyekundu kama ile nyingine, ianikwe juu ya waya, si chini. Basi. Aliwahi kuomba, na kamati ikamcheka, kwamba nani atapoteza kahawa nyekundu kwa mbuni.

Ndipo nilipoelewa maneno ya Mzee Ndung'u, kwamba ataendelea kupata vile amekuwa akipata. Wanjeri alikuwa ameyaelewa kabla yangu.

"Sasa mzee, ukiwaambia ni mbaya, wananikata," alisema kwa sauti ya chini ili nesi asisikie. "Ukiwaambia ni nzuri, watasema basi, si anaweza na hiyo, aendelee. Utasema nini?"

Nililipa vikombe vyangu viwili. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, na hasira yangu haikuwa na mahali pa kukaa. Kazi yangu yote ilikuwa kusema kilicho ndani ya bakuli, na hapa ukweli wa bakuli ulikuwa unamfunga mtu aliyestahili sifa kuliko wote niliowajua. Nasimiyu alisikiliza hadithi nzima akikunja nguo. Akasema watu wanaoamua kuhusu kahawa ile hawajawahi kuionja, kwa hivyo shida yangu ni nini. Nilimwambia mambo hayaendi hivyo. Kesho yake asubuhi nikampigia Mzee Ndung'u kumwambia kwamba hukumu yangu ataipata Kamenu, dukani kwenyewe, na aje na wanakamati wawili ambao hawajala kitunguu.

Wanjeri ndiye aliyekuwa mgumu. Nilimwomba akaange kahawa tatu kwa moto mmoja: ile ya chama iliyooshwa, ambayo nilipewa ruhusa kuchukua kidogo kiwandani, mbuni aliyoichagua, na mbuni jinsi ilivyotoka kwenye gunia, bila kutoa hata kijiwe.

"Unataka nipike kahawa mbaya kwa duka yangu, watu wakinusa?" aliniuliza. Nikamwambia ni mara moja tu. Alifikiri sana, akasema vijiwe atatoa, kwa sababu ya mashine ya kusagia.

Walikuja baada ya kanisa, Jumapili, Mzee Ndung'u katikati na wenzake wawili pembeni, suti zote tatu zikiwa zimenyooshwa. Niliwapangia meza kama tunavyopanga kiwandani, mabakuli matatu, hakuna jina. Nikawafundisha kuvunja povu na kuvuta kahawa kwa kijiko. Mtu hajacheka mpaka awaone wazee watatu wa Gatundu wakijifunza kuvuta kahawa kwa kelele mbele ya watu. Wa kwanza alipaliwa. Wa pili alivuta kwa adabu, bila sauti, kama aliye kwenye meza ya mkwe. Mzee Ndung'u peke yake alikuwa na kipaji, alivuta kwa nguvu mpaka wanafunzi wa Juja wakageuka. Niliwawekea ndoo, nikawaambia wateme wakitaka.

Bakuli la kwanza Mzee Ndung'u aliliona kali, kama limekamuliwa ndimu, akasema hilo linataka sukari. Lilikuwa lile lililooshwa, kahawa yake bora. Mimi ningeliweka juu, lakini sikuulizwa.

Bakuli la pili alilivuta, akasimama, akatema ndooni. Akafuta mdomo kwa kitambaa akasema hilo limeoza, anayeuza hilo ashtakiwe. Wenzake walitema pia.

La tatu alilivuta mara moja, kisha mara ya pili. Halafu akaacha kijiko, akainua bakuli kwa mikono miwili na kunywa mpaka likaisha. Akageuka kwangu akiwa amekunjuka uso, mtu aliyekata shauri. Alisema hilo ndilo la kupeleka ng'ambo, hilo hata yeye angelinunua, na akataka kujua ni la shamba gani.

Nilikuwa nimeshamwambia Wanjeri kwamba hapo nitanyamaza, maana kilichofuata hakikuwa changu. Alikuja kutoka nyuma ya meza yake.

"Zote tatu ni zenu, mzee," alisema. "Hiyo umemaliza ni mbuni."

Mzee Ndung'u alicheka kwanza, akidhani anataniwa. Akanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Nikamwambia alinituma nihukumu duka, na hukumu yangu ni hii: nimeonja kahawa maisha yangu yote ya kazi na sikuwahi kutaka kikombe cha pili mpaka nilipofika hapa. Duka ni zuri kuliko yote niliyoingia, Thika na Ruiru. Nilisema hivyo kwa sauti, na nesi aliyekuwa pembeni akapiga makofi mawili kisha akaona haya.

Na ikatokea kama Wanjeri alivyosema. Uso wa mwenyekiti ulijaa furaha ya kweli, sikumlaumu hata kidogo, akawageukia wenzake akasema mambo yameisha, msichana anaweza, basi aendelee na hiyo hiyo.

"Gani?" Wanjeri aliuliza.

Hakupaza sauti. Alichukua bakuli la pili, lililokuwa bado limejaa, akaliweka mbele ya Mzee Ndung'u.

"Hii umetema ndiyo mnaleta. Gunia iko hapo nyuma, enda uone. Hiyo umemaliza ni hiyo hiyo, nimetoa mbaya na mikono yangu. Sasa niendelee na gani, mzee? Kwa sababu hiyo ya mikono imeisha."

Mzee Ndung'u alienda nyuma. Alikaa huko kwa muda, tukamsikia akichota kahawa na kuimwaga, akichota na kuimwaga. Aliporudi alikuwa na punje nyeusi kiganjani na hakumtazama mtu. Aliwaambia wenzake kwa Kikuyu maneno ambayo sikuyapata yote, ila nilipata neno la aibu, kwa maana miaka niliyoishi huku si bure. Waliondoka bila kutuambia wameamua nini, na Wanjeri akaosha mabakuli yote matatu, lile la pili akaliosha mara mbili.

Nikaagwa, nikapewa blanketi na saa. Habari zilinifikia kwa vipande: kwamba mkutano wa chama ulikuwa na kelele, kwamba yule mnunuzi aliambiwa achukue kilichobaki baada ya Wanjeri kupewa chake, kwamba waya za kuanikia zilionekana nyuma ya nyumba ya mwenyekiti na watu wakadhani anafuga sungura. Sikuamini mpaka msimu ulipokwisha na Nasimiyu akachoka nami kabisa, akanituma Thika nikanywe kahawa huko.

Nilimkuta Mzee Ndung'u amesimama mbele ya meza ya Wanjeri, gambuti miguuni, gunia dogo limefunguliwa kati yao. Ilikuwa mbuni yake mwenyewe, ya miti yake, ya kwanza kuchumwa ikiwa nyekundu katika chama kizima. Hakuniona. Alikuwa akimtazama Wanjeri usoni jinsi wakulima walivyotutazama sisi miaka yote, akitafuta dalili, na uso ule haukumpa kitu. Wanjeri alichota, akanusa, akamwaga punje kiganjani kwenye mwanga wa mlango, akazisukuma kwa kidole.

"Ni nzuri," alimwambia. "Lakini kuna nyeusi. Toa nyeusi kwanza, halafu nitachukua."

Nilingoja mwenyekiti aseme jambo. Alikuna kidevu, akaomba ungo. Akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango, mahali penye jua, akaweka ungo mapajani na kuanza kuzitoa moja moja.